MGENI ASHUKAPO STESHENI YA MPANDA

Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi; leo yaleta pia watalii waendao Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Mgeni ashukapo, vijana humzunguka, huushika mzigo wake na kumwita "Mzungu!" Yeye hudhani anaibiwa, kumbe wao watafuta riziki.

Dawa yake ni hii: asalimu kwanza, kwani kwetu shughuli huanza kwa salamu, apatane bei kabla ya kupanda bodaboda, asipotaka, aseme "Asante, sihitaji," bila hasira.

Nasi tuna wajibu. Mzigo wa mtu usiguswe kabla hajakubali, wala bei isipandishwe kwa sababu ya rangi yake. Mgeni aliyedanganywa stesheni hataisifu mbuga yetu afikapo kwao.