Nani Asemaye Mtoto Mchanga Haumii?

Uchungu wa mwana, walisema wazee wetu, aujuaye mzazi. Lakini mwezi uliopita, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, wazazi wenyewe walishindana juu ya uchungu huo, na mimi nikatiwa kati niwe mwamuzi.

Mjukuu wangu alikuwa ametimiza arubaini, na shauri lilikuwa atahiriwe. Mkwe wangu akasema hakubali mwanawe aguswe kabla ya kupigwa sindano ya ganzi. Shangazi yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini, akakunja uso. "Kitoto cha arubaini chajua nini? Kitalia, kitanyonya, kitalala. Hiyo sindano ndiyo itakayokiumiza."

Mimi nilinyamaza. Nilitahiriwa nikiwa na miaka saba, kwa wembe wa ngariba, bila ya dawa yoyote, mjomba amenishika mabega akiniambia mwanamume halii. Sikulia. Lakini hata leo nikisikia harufu ya udi kama ule uliofukizwa asubuhi ile, tumbo hunikaza. Nikajisemea, mimi nakumbuka kwa kuwa nilikuwa na akili zangu. Huyu mchanga je?

Nikamwendea daktari mmoja niliyesoma naye chuo cha Kurani. Nilidhani atamcheka Shangazi. Wapi! Aliniambia kuwa rai ya Shangazi ndiyo iliyokuwa rai ya mahospitali makubwa ya Ulaya na Marekani mpaka miaka ya 1980.

Msomaji, nilishangaa. Nusukaputi ya etha ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Lakini zaidi ya miaka 130 baadaye, wachanga wengi, hasa njiti, walikuwa bado wakipasuliwa hata kifua kwa gesi hafifu ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli wasijitikise, bila ya dawa kali ya kuzuia maumivu. Mtoto amelala kimya, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ni raha! Waganga walikuwa na hoja mbili. Kwanza, kwamba mishipa ya fahamu ya mchanga haijakomaa, kwa hiyo uchungu haumfikii. Pili, kwamba dawa kali itamkata pumzi. Hii ya pili haikuwa upuuzi, hatari hiyo ipo kweli na yataka mtaalamu. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa dhana tupu.

Aliyeipima dhana hiyo ni Kanwaljeet Anand, daktari kijana kutoka India aliyekuwa masomoni Oxford, Uingereza. Aliwaona njiti wakirudishwa kutoka chumba cha upasuaji wakiwa taabani. Yeye na wenzake wakafanya utafiti kwa njiti 16 waliohitaji kufungwa mshipa ulio karibu na moyo. Wote walipewa gesi na dawa ya kulegeza misuli kama ilivyokuwa desturi, na wanane kati yao wakaongezewa fentanili, dawa kali ya jamii ya afyuni. Mchanga hawezi kusema "naumwa", basi wakaiuliza damu yake. Kwa wale wasiopata fentanili, adrenalini na sukari vilipanda mno ndani ya damu, ishara ya mwili uliotaharuki, na baada ya upasuaji walipata matatizo mengi zaidi kuliko wenzao. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1987 katika jarida la Lancet, na mambo yakaanza kugeuka.

Na tohara? Huko Kanada, mwaka 1997, yalichapishwa matokeo mawili ambayo nilimwomba daktari anirudilie. Katika utafiti mmoja, ganzi iliyodungwa kuzunguka dhakari ilikuwa bora kuliko njia nyingine zilizojaribiwa, na wachanga wawili kati ya wasiopata dawa walipaliwa na pumzi zikakatika kwa muda. Katika utafiti wa pili, waliotahiriwa bila dawa walilia zaidi kuliko wenzao walipopigwa chanjo miezi minne au sita baadaye. Mwili ulikuwa haujasahau.

Nilimwuliza pia mwalimu wetu wa msikitini kama sheria inataka mtoto aumie. Akanitazama kama aliyeulizwa kama maji ya udhu ni lazima yawe ya baridi.

Siku ilipofika, Shangazi alikuja nasi, akisema lazima awepo mtu mwenye akili. Daktari alimtia mtoto matone ya maji ya sukari mdomoni, kisha akapiga ganzi. Hapo alilia, siwezi kuficha. Tukangoja dakika kadhaa, ngozi ikafa ganzi, kazi ikaanza. Mtoto akawa ananyonya kidole cha mamake huku akiitazama taa.

"Mbona halii?" Shangazi akauliza. "Mmekwisha kuanza kweli?"

"Tumekwisha kumaliza, bibi," daktari akamjibu.

Njiani hakusema neno. Tulipofika mlangoni akanishika mkono. "Nduguyo mdogo," akasema, "alitahiriwa siku ya saba. Miguu nilimshika mimi. Alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikawaambia watu ni njaa."

Kisha akaingia ndani akamwomba mkwe wangu ampakate mtoto.