Piga kofi moja, ujue kama darasa lenu linafaa muziki

Kama umesoma shule ya mabati huku Riruta Satellite au Kawangware, hii unaijua. Kwaya imeiva, soprano wako juu, besi wametulia. Mara mvua! Mwalimu anapunga mikono lakini hakuna anayemsikia mwenzake. Mazoezi yanaishia hapo.

Si jambo dogo. Masika hunyesha Machi hadi Mei, wakati kwaya zinajinoa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927 na ambalo fainali zake huwa Agosti. Isitoshe, Sanaa na Sayansi ya Michezo sasa ni mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari pevu. Utachaguaje muziki kama chumba chenyewe kinakumeza sauti?

Fanya jaribio. Simama katikati ya darasa tupu, piga kofi moja. Ukisikia "trrr", sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kuta zikiachana mita saba, inazigonga karibu mara 50 kila sekunde.

Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimpa Wallace Sabine kazi ya kurekebisha ukumbi ambamo wahadhiri hawakusikika vizuri. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anaipanga na kupima usiku kukiwa kimya. Kadiri mito ilivyoongezeka, ndivyo mwangwi ulivyokufa haraka.

Wewe huna mito hiyo, lakini mitumba iko. Tundikeni blanketi nzito kwenye kuta mbili zinazopakana, mkiacha nafasi kidogo nyuma yake. Rafu ya vitabu pia inasaidia.

Trei za mayai? Achaneni nazo. Zinapunguza sauti nyembamba kidogo tu, hazizuii kelele za matatu, na zinashika moto upesi. Kelele ya nje huzuiwa na uzito: ukuta wa mawe, mlango mzito usio na nyufa.

Na mvua je? Blanketi za ukutani haziiwezi. Dawa ni dari chini ya mabati, yenye kitu laini juu yake kisichoshika moto. Pesa hakuna? Kama shule ina ghorofa, ombeni chumba cha chini, wenye hesabu wahamie kwenye mabati. Wao wanaweza kuandika mvua ikinyesha. Nyinyi hamwezi kuimba.