Picha Nzuri ya Nchi Yataka Subira

Siku hizi watu wengi wa Migori na Homa Bay wana kamera, maana karibu kila simu ya mkononi inayo. Walakini wengi hunung'unika wakisema, "Nilipanda Got Asego, nikaliona ziwa, na Mlima Homa ng'ambo ya ghuba. Nikapiga picha. Nilipoitazama nyumbani, sikuona ila maji meupe na kilima cha rangi ya majivu." Basi hulaumu kamera. Lakini mara nyingi kosa si la kamera. Mtu alifika kilimani saa 7 mchana, akasimama mahali pa kwanza alipopaona, akapiga, akashuka.

Jambo la kwanza ni saa

Nchi yetu i karibu sana na Ikweta, na jua la adhuhuri huwa utosini. Vivuli hujificha chini ya miti na mawe, na pasipo vivuli jicho haliwezi kupambanua bonde na mwinuko. Tena jua letu hupanda na kushuka upesi. Huko Homa Bay huchomoza karibu saa 12 na dakika 40 asubuhi, na hutua karibu saa 12 na dakika 45 jioni, likitangulia au likichelewa kama robo saa kwa kadiri ya mwezi. Saa moja baada ya kuchomoza, na saa moja kabla ya kutua, ndizo saa za mpiga picha.

Hata hivyo asubuhi na jioni si mamoja kwa kila mahali. Mtu asimamaye mjini Homa Bay akautazama Mlima Homa huelekea kaskazini, na mashariki kidogo. Asubuhi jua huwa upande wake wa kulia, mbele kidogo, na ubavu wa mlima unaomwelekea huwa na kivuli zaidi. Jioni jua huwa upande wake wa kushoto, nyuma kidogo, na mikunjo ya mlima hudhihirika. Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, jiulize: kile nitakacho kukipiga huangazwa na jua saa ngapi?

Yafaa pia kuyatazama majira. Wakati wa ukavu, vumbi na moshi wa mashamba huificha milima ya Gwassi. Mvua ikiisha kunyesha, hewa husafika, na mawingu hulipamba anga. Mkulima aliyezoea kuyasoma mawingu kwa ajili ya kupanda ana elimu ambayo mpiga picha wa mjini huitafuta kwa shida.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama

Tuchukue mfano wa Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Hapo pana kuta za mawe zilizojengwa yapata karne ya 16, bila udongo wala saruji, jiwe likishikwa na jiwe. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mgeni akisimama mbali saa 6 mchana, ukuta huo hutoka katika picha kama mstari wa kijivu. Lakini akienda wakati jua liko chini, akasimama karibu na ukuta huku mwanga ukiupitia ubavuni, kila jiwe hutoa kivuli chake, na kazi ya wajenzi huonekana. Ukuta na uanzie pembeni mwa picha, ulivute jicho kwenda ndani. Mtu mmoja akisimama karibu na mlango, atazamaye atajua kipimo chake. Ila asipande mtu juu ya kuta. Hazina kitu cha kuzishika isipokuwa uzito wake wenyewe.

Ziwani sheria ni ile ile. Maji matupu hayatoshi kuwa picha; tafuta mtumbwi, mwamba au mafunjo, ukiweke karibu nawe, ndipo ziwa lionekane jinsi lilivyo kubwa. Mstari ambapo maji hukutana na anga na uwe sawa, usije ukaonekana kama ziwa linamwagika. Kwenye simu gusa mahali penye mwanga mkali, ili mawingu yasipotee. Usiivute picha kwa vidole. Afadhali utembee hatua ishirini. Na kioo cha kamera kifute kwa kitambaa safi, maana kidole kilichoshika samaki huleta ukungu ambao hauko angani. Ukitaka taa za wavuvi wa omena usiku usio na mbalamwezi, iweke simu juu ya jiwe isitikisike, upige kabla anga haijawa nyeusi kabisa.

Faida yake

Pengine msomaji atauliza, yote haya ni ya nini? Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alipiga picha katika nchi ya Wajaluo. Leo picha hizo zimo katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, huko Oxford, na mtu atakaye kujua nchi ilivyokuwa siku zile huziendea. Wakati ule waliokuwa na kamera walikuwa wachache, na wengi wao wageni. Leo kamera iko mkononi mwetu.

Mwezi wa Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kimo kilichoandikwa mwaka 1964, na watu wa pwani wakapoteza nyumba na mashamba. Aliyekuwa na picha ya pwani yake ya kabla ya hapo aliweza kuwaonyesha wanawe mti ulikuwa wapi na njia ilipita wapi. Asiyekuwa nayo alibaki kunyosha kidole majini.

Basi, ndugu msomaji, chagua jiwe moja katika nchi yako. Simama hapo hapo, saa ile ile, mara moja kila mwaka, na uandike siku, mwezi, mwaka na jina la mahali. Ikiwa mji wa mtu umo katika picha, piga hodi kwanza na uombe ruhusa. Hata picha ya kwanza isipopendeza, usiitupe. Baada ya miaka ishirini yaweza kuwa ndiyo shahidi pekee wa mahali mlipokulia.