Krismasi ya Kijana Mweusi katika Ukoo wa Wazungu

Mwaka 2010 familia za Marekani ziliasili takriban watoto 2,500 kutoka Ethiopia. Mwaka huo ni China pekee iliyoizidi. Januari 2018 bunge la Ethiopia likapitisha sheria ya kuwazuia wageni kuasili watoto wa nchi hiyo, na mlango ukafungwa. Maana yake ni kwamba wengi wa waliobebwa wakiwa wachanga leo wako sekondari na vyuoni. Wengi wamelelewa na wazazi Wazungu, na kila Desemba wanakaa mezani na babu, bibi, wajomba, shangazi na binamu, wao peke yao wakiwa weusi katika chumba kizima.

Mzazi anayempenda mtoto wake huwaza juu ya Krismasi hiyo mapema. Humwandaa: humweleza kwamba bibi ni mzee, kwamba mjomba ana mdomo lakini hana ubaya, kwamba wakisema jambo asilichukulie moyoni. Hapo ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi. Anayepaswa kuandaliwa ni ukoo. Kijana hana deni la kuwavumilia watu wazima siku ya sikukuu.

Tuanze na jambo linaloumiza kimyakimya kuliko yote, nalo ni mazungumzo ya kufanana. Siku za kawaida familia haikai ikajadili pua na macho. Krismasi albamu zinatolewa kabatini. Binamu mchanga anapitishwa mikononi, na kila anayempokea anatangaza: huyu kachukua paji la babu, hizi nywele ni za mama mkubwa, tazameni kidevu hiki. Kijana wa Kiethiopia ameketi hapohapo na hakuna aliyemtukana. Angelalamika angeonekana ana matatizo. Lakini kwa saa nzima ukoo umekuwa ukijieleza ni akina nani, na maelezo hayo hayakumgusa hata mara moja.

Mzazi hawezi kuwakataza watu kufurahia kufanana. Anaweza, wiki mbili kabla, kumpigia bibi simu na kumwambia ukweli huu. Kuna mengi ambayo kijana ameyachukua kwa kulelewa: ubishi wa babu, kicheko cha shangazi, namna ya kukanda unga wa biskuti za sikukuu. Bibi akiyasema hayo mezani kwa sauti ileile anayotumia kusifia kidevu cha mchanga, kijana anasikia. Kisha lipo la pili, ambalo wengi hulikwepa. Sura ya kijana huyu nayo ni urithi. Kuna mwanamke aliyempa macho hayo na mwanamume aliyempa urefu huo. Mzazi aliyeasili akiweza kusema mbele ya ukoo wake, bila kutetemeka, "Nadhani huo uzuri ni wa mama yake mzazi," anakuwa amefanya kazi kubwa kuliko zawadi zote zilizo chini ya mti.

Mama huyo yupo katika Krismasi ya mtoto hata asipotajwa. Sikukuu yenyewe inamhusu mama aliyejifungua ugenini na mtoto aliyelazwa horini. Katika makanisa mengi ya Marekani wahubiri humsifu Yusufu kama baba aliyemlea mtoto asiye wa damu yake, na wazazi walioasili hutokwa machozi ya faraja. Sioni ubaya wa mahubiri hayo. Ila mzazi ajue kwamba kijana aliyeketi pembeni yake huenda anamwaza Maria, na kujiuliza wa kwake yuko wapi leo. Watoto wengi walioasiliwa kutoka Ethiopia hawakuwa yatima kamili. Walikuwa na mama, au baba, au bibi, na umaskini au ugonjwa ndio uliowatenganisha. Kwa hiyo swali la kijana huyo linamhusu mtu anayeweza kuwa hai.

Ndiyo maana sentensi moja inayosemwa kwa nia njema na wageni wa Krismasi ni nzito sana: "Mtoto huyu ana bahati." Wazazi wengi wamefundishwa kujibu kwamba wenye bahati ni wao. Jibu hilo ni la heshima, lakini halinitoshelezi, kwa sababu bado linamfuta aliyempoteza mtoto. Afadhali mzazi aseme hivi, mtoto akisikia: "Tunampenda sana, na tunajua kwamba kabla ya kuwa wetu alipoteza watu aliowapenda." Mgeni atanyamaza. Si neno, anyamaze. Muhimu ni kwamba kijana hakulazimika kutabasamu na kushukuru.

Kuhusu mapambo nitasema kwa ufupi. Pango la Krismasi lenye Familia Takatifu ya watu weusi ni jambo jema, na malaika wenye ngozi ya kahawia vilevile. Mwaka 2016 Mall of America, jengo kubwa la maduka lililoko Minnesota, lilimweka Larry Jefferson kuwa Baba Krismasi wa kwanza mweusi katika historia yake, na familia nyingi ziliwapeleka watoto wakapige naye picha. Picha hizo zina thamani. Lakini kijana wa miaka kumi na sita hahitaji tena sanamu. Anahitaji watu weusi walio hai, wanaoingia nyumbani kwao na kukaa mezani kama wageni wengine.

Kalenda hapa inampa mzazi nafasi nzuri. Waethiopia huadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari, sikukuu iitwayo Genna. Waorthodoksi huitangulia kwa mfungo wa siku 43 wa kujinyima nyama, maziwa na mayai, kisha wanafungua kwa doro wat, mchuzi mkali wa kuku wenye mayai ya kuchemsha, unaoliwa kwa injera. Vijijini vijana hucheza mchezo wa fimbo na mpira wa mbao, nao pia unaitwa genna. Familia ikishamaliza shamrashamra za Desemba inabakiwa na karibu wiki mbili za kujipanga kwa sherehe ya pili, na katika sherehe hiyo ukoo wa Wazungu ndio unaokuwa mgeni. Waacheni babu na bibi waje kanisani ambako hawaelewi lugha hata moja, wasimame kwa saa nyingi, wakaribishwe chakula na wasiowajua. Watajua kijana wao anaishi vipi siku nyingine zote.

Tahadhari moja tu. Ethiopia ni nchi ya mataifa mengi. Watoto wengi walioasiliwa walitoka kusini, kwa Wawolayta, Wasidama, Wahadiya na Wakambata, ambako Waprotestanti ni wengi na Kiamhari hakikuwa lugha ya kwanza ya mama zao. Kule chakula cha nyumbani ni kocho, mkate unaotengenezwa kwa enset, mmea unaofanana na mgomba. Wengine walizaliwa katika familia za Kiislamu. Mzazi anayepika doro wat kila Januari kwa mtoto wa Kiwolayta amejitahidi, lakini asome faili la mtoto tena, aulize, na amwache kijana aamue anachotaka kukiadhimisha. Wapo wasiotaka chochote mwaka huu wakakitaka mwaka ujao. Waachwe.

Sasa neno langu kwa wasomaji wa Kiswahili mlioko Marekani, kuanzia Minneapolis hadi Columbus, na kwingineko mnakowaona watoto hawa kanisani na shuleni. Akija mama wa Kizungu saluni wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, amemshika mkono binti mwenye nywele zilizokauka, msimcheke na msimsengenye kwa lugha asiyoijua, kwa sababu binti anazisoma nyuso zenu hata asipoelewa maneno. Mfundisheni mama huyo mafuta na kuchana. Mkipika pilau ya sikukuu, iteni familia hiyo nzima, na mkimwita binti mwiteni kwa jina lake, si "yule wa Wazungu". Msimuulize alikotoka kabla hajawazoea. Mwulizeni kama ameshiba.