Jiwe Linalong'aa Si Lazima Liwe Mali

Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea jiwe la kijivu, zito, linalong'aa kama kisu kipya. Waliuliza: hii ni fedha? Kabla ya kuwajibu, tueleze kidogo juu ya jiwe moja la mbali, jamaa ya mawe ya namna hii.

Jina lake ni dufrenoisaiti. Lilipewa jina hilo mwaka 1845 kwa heshima ya Dufrénoy, mtaalamu wa mawe wa Ufaransa. Makao yake ni Lengenbach, machimbo madogo sana katika bonde la Binn, milima ya Uswisi. Humo mwamba ni dolomaiti nyeupe, chembechembe zake kama sukari, na katika mashimo yake madogo ndimo fuwele za jiwe hili zilikua. Nyingine ni ndogo kuliko punje ya mchele. Watu wanachimba humo kwa ajili ya elimu na makumbusho, siyo kuyeyusha.

Ndani yake mna vitu vitatu tu: risasi (ile metali laini ya betri ya gari), aseniki na salfa. Ukichukua kilo moja, zaidi ya nusu ni risasi, na karibu gramu 200 ni aseniki, ambayo ni sumu kali. Kwa hiyo jiwe zuri namna hiyo ni sumu mbili pamoja! Ni jepesi kuvunjika, kisu kinalikwaruza bila taabu, na uzito wake ni mara tano na nusu ya maji, wakati jiwe la kawaida halifiki hata mara tatu.

Njia ya kulitambua ni kulisugua nyuma ya kigae cha ukutani, upande usiong'aa. Dufrenoisaiti huacha mstari mwekundu wa kahawia. Galena, ambayo ni risasi na salfa bila aseniki, huacha mstari wa kijivu. Galena ndiyo tunayo Kenya. Iliwahi kuchimbwa Kinangoni, huko Kilifi.

Tafadhali msijaribu kwa moto. Aseniki ikichomwa hutoa moshi wenye harufu ya kitunguu saumu, na ukishaisikia hiyo harufu umeshaivuta. Hata vumbi si mchezo. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watu walisaga mawe nyumbani wakitafuta dhahabu. Mawe yale yalikuwa na risasi. Watoto zaidi ya 400 walikufa, maana vumbi lilikaa uani walikocheza.

Sasa jiwe la wale akina mama. Tulilisugua kwenye kigae, mstari ukawa wa kijivu. Basi huenda ni galena, lakini ofisi ya madini ndiyo itakayosema kwa uhakika, na tutawasindikiza kwenda huko. Kwa sasa tumewaomba walifungie ndani ya mkebe wenye kifuniko, mbali na jikoni, na kinu walichotaka kulitwangia kibaki cha mahindi.