Je, Wajua? Sayari Elfu, Dimbwi Moja

Je, wajua kwamba gemu ya Starfield ilitangazwa kuwa na sayari zaidi ya 1,000, lakini moja ya vitu vilivyowafurahisha wachezaji wiki za mwanzo ni dimbwi la maji?

Dimbwi lenyewe liko Akila, mji wa matope na kofia pana uliojengwa kwa mtindo wa filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Katika gemu za kampuni ya Bethesda, bidhaa za kila mwenye duka hukaa kwenye sanduku lililofichwa chini ya ardhi, mahali ambapo mchezaji hatakiwi kufika. Hapo Akila sanduku halikuzikwa vya kutosha. Unachuchumaa kando ya dimbwi, unatafuta pembe sahihi kwa macho, na ghafla linafunguka: silaha, suti za angani, risasi, fedha taslimu. Mwenye duka yuko hatua chache kutoka hapo na hana habari. Unalala, siku zinapita, duka linajazwa upya, unarudi kuvuna. Mwishoni mwa mwezi ule gemu ilipotoka, Bethesda wakaliziba. Waliowahi, waliwahi.

Je, wajua gemu hiyo ilitoka lini? Tarehe 6 Septemba 2023, kwa kompyuta na kwa mashine za Xbox. Awali ilipangiwa tarehe 11 Novemba 2022, miaka 11 kamili baada ya Skyrim, gemu nyingine ya Bethesda. Waliolipa dola 100 badala ya 70 walifunguliwa mlango siku tano kabla ya wengine. Ndani ya wiki mbili kampuni ilitangaza wachezaji milioni 10. Wengi walikuwa wanachama wa Game Pass, huduma ya kulipia kwa mwezi, kwa hiyo idadi hiyo isichukuliwe kuwa ni nakala milioni 10 zilizouzwa.

Je, wajua kwa nini vyombo vya anga vya gemu hii, inayosimulia mwaka 2330, vina swichi za kubonyeza na skrini nene kama televisheni za zamani? Ni makusudi. Istvan Pely, kiongozi wa kazi ya sanaa, na wenzake waliuita mtindo wao "NASA-punk": mambo ya kesho yanayoonekana kama yametoka kwenye karakana za enzi za Apollo. Suti nyeupe, mistari ya rangi, vyakula kwenye vifurushi vyenye lebo. Hapa hata wakali kabisa walikubali. Utamkuta mtu ameandika aya saba za kuiponda gemu, na ya nane anasifu muundo wa sandwichi.

Tukiwa bado kwenye chakula: je, wajua kuna wachezaji waliokusanya maelfu ya viazi, wakavisheheni ndani ya chumba kimoja cha chombo, kisha wakafungua mlango ili tu waone vitakavyomwagika? Kila kiazi kilibingirika kwa njia yake, na kompyuta ikayamudu hayo yote. Mtambo wa programu uliolalamikiwa kwa uzee katika mambo mengine ulisifiwa kwa hilo.

Je, wajua kwamba kampuni iliwahi kuwajibu wachezaji kwa kuwakumbusha mwezi? Novemba 2023, maoni mabaya yalipoongezeka kwenye duka la Steam, wafanyakazi wa huduma kwa wateja walianza kumjibu mlalamikaji mmoja mmoja. Aliyesema sayari ni tupu na zinachosha alielezwa kwamba wanaanga walipofika mwezini hawakukuta kitu, na hakika hawakuchoshwa. Jibu hilo likageuka kichekesho cha msimu. Mwanaanga wa Apollo alikwenda kwa roketi ya kweli na roho mkononi. Mchezaji amekaa kwenye kochi baada ya kazi, amelipa dola 70. Huwezi kumwambia mteja kwamba supu haina nyama kwa sababu baharini pia hakuna nyama.

Lakini, je, wajua kwamba si utupu uliowaudhi? Huu ndio ugomvi wenyewe, na watetezi wengi wa gemu hawakuuelewa. Todd Howard, mkurugenzi wa Starfield, alisema mapema kwamba karibu asilimia 10 tu ya sayari zingekuwa na uhai. Watu walilisikia hilo na wakalikubali. Wako wanaopenda kutua kwenye mwamba wa kijivu, wakatazama sayari kubwa yenye pete ikichomoza, wakaondoka. Kilichowachosha kilikuwa kile walichokikuta pale pasipokuwa patupu.

Chukua maabara moja ya barafu iliyotelekezwa. Unatua kwenye sayari ya mbali, unatembea mita 800 juu ya theluji, unaona jengo. Unaingia. Maharamia wanakushambulia, mabomba yameganda, kuna maiti mahali fulani na ujumbe wa mfanyakazi kwenye kifaa kando. Vizuri sana. Siku nyingine, sayari nyingine kabisa, unatembea tena, unaona jengo. Maabara ileile. Maiti mahali palepale, ujumbe uleule, sanduku la dawa kwenye kona ileile. Kompyuta huzipanga sehemu hizi yenyewe kwa kuchagua kutoka ghala la majengo yaliyotengenezwa tayari, na ghala lenyewe ni dogo kuliko anga. Mara ya tatu mchezaji anajua adui amejificha nyuma ya mlango gani kabla hajaufungua. Huo si utafiti wa anga tena, ni ukaguzi wa matawi ya kampuni.

Ongeza skrini za kusubiri. Kupanda chombo, skrini, kuruka, skrini, kutua, skrini. Huendeshi chombo kutoka angani hadi ardhini kwa mkono wako. Na ukitembea mbele sana kwenye sayari unafika mpaka usioonekana, ukiambiwa urudi.

Je, wajua kwamba mwaka 1986 gemu moja iliingiza mifumo 270 ya nyota na sayari 800 kwenye disketi mbili? Inaitwa Starflight. Ilitengenezwa na kikundi kidogo cha Binary Systems, akina Greg Johnson, Rod McConnell, Alec Kercso, Tim Lee na Bob Gonsalves, ikachapishwa na Electronic Arts. Kila disketi ilikuwa na kilobaiti 360; picha moja ya simu yako leo haitoshei humo. Siri yao ilikuwa hesabu: sayari haikuhifadhiwa kama picha, bali namba iliyoipa kompyuta maelekezo ya kuichora upya kila unapotua, na kila mara ikatoka vilevile.

Na ilikuwa tupu kwelikweli! Unatua, unatoa gari, unachimba madini, unaokota mabaki, unarudi kabla mafuta hayajaisha. Mbona waliipenda? Kwanza, kumbukumbu hazikutunzwa vizuri ndani ya gemu, hivyo mchezaji alikaa na daftari: nani kasema nini, sayari gani ina magofu, nani ni adui wa nani. Pili, chini ya utupu kulikuwa na jambo. (Kama unapanga kuicheza, ruka sentensi mbili zijazo.) Nyota zinalipuka na kuua viumbe, hujui kwa nini, na huku unachoma fuwele za endurium kama mafuta ya chombo. Baada ya saa nyingi unagundua kwamba fuwele hizo ni viumbe hai, wazee wa anga wanaoishi polepole mno hata hakuna aliyewatambua, na nyota zinalipuliwa ili kuwakomesha wanaowachoma, ukiwemo wewe.

Casey Hudson, aliyeongoza utengenezaji wa gemu za Mass Effect, ameitaja Starflight hadharani kuwa chanzo kikubwa cha msukumo wake.

Je, wajua pia kwamba Starflight ilikuwa na polisi wake? Kabla ya kuondoka kituoni uliulizwa msimbo, na jibu lilipatikana kwenye vifaa vya karatasi vilivyokuja ndani ya boksi. Mwenye nakala ya wizi hakufukuzwa papo hapo. Aliachwa asafiri kwanza, ajisikie nahodha, halafu polisi wa anga wakamjia. Na kwa kuwa gemu iliandika mabadiliko juu ya disketi zenyewe, aliyezitumia za asili bila kuzinakili kwanza alikuwa na ulimwengu mmoja tu wa kuharibu.

Turudi 2023, haraka haraka.

Je, wajua kwamba maadui wa Starfield hulenga katikati ya chombo chako? Wachezaji walipogundua hilo walijenga vyombo vyenye tundu katikati, kama fremu ya dirisha. Risasi zinapita kwenye tundu, nahodha anakunywa kahawa.

Je, wajua kuhusu jiwe lililofuata watu? Kwa hitilafu ya programu, jiwe moja la angani lilijibandika kwenye chombo cha mchezaji na kwenda naye mfumo hadi mfumo, saa baada ya saa. Wapo waliolalamika, na wapo waliolichukulia kama mnyama wa kufuga. Marekebisho yaliyofuata yakaliondoa, bila kuwauliza waliokwisha kulizoea.

Je, wajua kwamba Vasco, roboti wa chomboni, anaweza kulitamka jina lako kwa sauti? Ilirekodiwa orodha ndefu ya majina, na kama lako limo, atakuita Nahodha fulani. Kama halimo, wewe ni Nahodha tu.

Je, wajua dunia yetu imefanywa nini humo? Haina hewa, ni mchanga mtupu. Alama chache zimesalia: jengo la The Shard la London, Burj Khalifa, tao la St. Louis. Kwa Afrika ziko piramidi za Giza. Alama nyingi huonekana baada ya kusoma kitabu fulani: nakala ya Oliver Twist, kwa mfano, ndiyo inayokufungulia London. Kwangu mimi hili ni kati ya mawazo mazuri kabisa ya gemu nzima, na ajabu ni kwamba mchezaji anaweza kuimaliza asijue lipo.

Je, wajua kwamba alama 7 zinaweza kuzua vita? Wahakiki wengi waliipa Starfield alama za juu, lakini IGN na GameSpot walitoa 7 kwa 10, na mashabiki ambao walikuwa hawajaicheza bado waliwashukia kwa matusi. Miezi michache baadaye, maoni ya wachezaji wenyewe kwenye Steam yalishuka hadi "mchanganyiko", na yale ya karibuni yakawa mabaya zaidi. Ile 7 ikaanza kuonekana ya huruma.

Je, wajua kwamba wachezaji haohao waliipa tuzo? Mwanzoni mwa Januari 2024, katika Tuzo za Steam ambazo washindi huchaguliwa kwa kura za watumiaji, Starfield ilishinda kipengele cha uchezaji wenye ubunifu zaidi. Wengi waliamini kura zilipigwa kwa kejeli. Nami naamini hivyo.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa 2023 waliokuwa wakicheza Skyrim ya zamani kwenye Steam kwa wakati mmoja walizidi wanaocheza Starfield? Mtoto alishindwa na kaka yake.

Je, wajua Bethesda walijaribu kurekebisha? Mei 2024 zilikuja ramani za miji zinazosomeka, Agosti likaja gari la kuendesha ardhini, nayo Septemba 30 ikatoka nyongeza ya Shattered Space, ya dola 30. Safari hii hawakutegemea kompyuta kupanga: walitengeneza sehemu kubwa ya sayari moja kwa mkono, kama watu walivyokuwa wakidai. Wachezaji wakasema ni fupi. Kati ya hapo, Juni, kulikuwa na mzozo wa kazi moja tu ya kumsaka mtu, The Vulture, iliyouzwa kwa karibu dola 7. Kazi moja! Howard mwenyewe alilazimika kutoka kueleza kwamba watalitazama upya suala la bei.

Je, wajua kwamba hasira za namna hii huweza kupoa? No Man's Sky ya Hello Games, yenye rangi za majalada ya vitabu vya anga vya miaka ya 1970, ilitoka Agosti 2016 na sayari zaidi ya trilioni milioni 18. Siku ileile ya kwanza wachezaji wawili walikutana mahali pamoja, wakasimama, wasionane: uwezo wa kucheza pamoja waliokuwa wakiutarajia haukuwemo. Ilisakamwa vibaya. Kampuni ikanyamaza, ikafanya kazi, na mwaka 2018 watu wakaanza kuonana kikamilifu. Mwaka 2019 mashabiki walichanga wakakodi bango la barabarani karibu na ofisi za Hello Games, Guildford, Uingereza, kuwashukuru. Novemba 2024 maoni ya jumla kwenye Steam yakafika "mazuri sana", miaka minane baadaye.

Na je, wajua kwamba mwaka 2019 zilitoka gemu mbili za anga zenye majina yanayofanana kama mapacha, The Outer Worlds na Outer Wilds? Ya kwanza ni ya Obsidian, ya bunduki, mabango ya kizamani na makampuni yanayomiliki wafanyakazi wao. Ya pili haina bunduki hata moja, na jua lake hulipuka kila baada ya dakika 22. Kuna walioinunua moja wakidhani ni nyingine, wakacheza saa nzima wakitafuta mahali pa kupata silaha.