Namba ya Kipimo na Uhai wa Mama

Mama mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, iwe Kibaha au Kisarawe, hupaswa kupimwa wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya UKIMWI, malaria na mkojo. Vipimo hivi si vya kudharauliwa. Kaswende isiyotibiwa yaweza kumwua mtoto tumboni. Upungufu wa damu waweza kumwua mama siku ya kujifungua.

Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, wajawazito walisamehewa, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaudumisha msamaha huo. Lakini msamaha haununui vitendanishi vya maabara. Sehemu ya fedha hizo hutoka kwa wenye bima.

Kwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kila kipimo kina namba yake katika orodha ya bei. Namba ikikosewa katika fomu, dai hukataliwa, na hospitali hukosa malipo ya kazi iliyokwisha kuifanya. Rafu ya maabara ikibaki tupu, anayeambiwa akapime nje ni mama yule yule aliyesamehewa.

Kwa ndugu zetu wa Mafia, uzito wa jambo hili ni maradufu. Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu iko Tumbi, Kibaha. Mama hana budi kuvuka bahari hadi Nyamisati, kisha ashike barabara. Kumwambia arudie kipimo kwa sababu majibu hayakuandikwa ni kumtwisha mzigo usio wake.

Tunawaomba viongozi wahusika mambo matatu. Kwanza, kila kliniki ibandike ukutani, kwa Kiswahili cha wazi, orodha ya vipimo visivyolipiwa. Pili, karani na mtaalamu wa maabara wazikague fomu pamoja siku ile ile. Tatu, majibu yote yaandikwe katika kadi ya mama, asafiri nayo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango kwa wananchi wengi zaidi; fomu zitaongezeka, na makosa pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu waweza kuzibwa kwa kalamu tu.